Mwali wa Bango

Swaumu alikuwa ameinamia gunia la muhogo, anachambua uliooza na kuutupa kando, mwanamke wa meza ya nyanya alipompigia kigelegele. Kimoja tu, kirefu, chenye kejeli ndani yake. Soko la Mlandizi saa tatu asubuhi lina kelele za kila namna, lakini hiyo haimo, kwa hiyo watu waligeuka.

"Hongera, mama mwali!" akasema yule mwanamke. "Sisi wenzio umetuficha, kampuni umeiambia."

"Mwali gani?"

"Loo! Eti mwali gani." Akanyoosha kidole kuelekea barabara kuu.

Ng'ambo ya kijiwe cha bodaboda kulikuwa na nguzo mbili mpya za chuma. Swaumu aliziona alfajiri aliposhuka kwenye fuso la muhogo, juu yake kumefunikwa turubai, hakuzijali. Sasa turubai limetolewa. Firdausi. Firdausi wake, mkubwa kama nyumba, kavaa sweta la shule ambalo hana, meno yote nje, kashika pakiti ya pinki karibu na shavu. Swaumu aliishia darasa la tano, na maandishi huyasoma kwa kuyasindikiza na midomo. "Zamani nilikosa shule siku tano kila mwezi. Sasa nina Lulumwezi." Chini yake: Firdausi, miaka 13, Vihingo, Kisarawe.

Akarudia kusoma, labda amekosea. Hakukosea. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akilitazama bango huku anakula karanga, na Swaumu alitamani kumfunika macho kwa mikono yake miwili.

Kwao, mama hamwulizi binti yake habari za damu. Mtoto akivunja ungo humwambia somo wake, mwanamke mtu mzima aliyewekwa kwa kazi hiyo. Somo humfuata mama, mama hulia kidogo kama inavyotakiwa, baba huambiwa, na mtoto huwekwa ndani awe mwali, asionekane na mtu mpaka achezwe unyago na kutolewa. Ndiyo njia, na haina mlango mwingine. Somo wa Firdausi alikuwa Bi Tatu, na Bi Tatu hajafika kwa Swaumu na habari yoyote. Basi ama mtoto amemficha somo, ama somo amemficha mama, ama bango linasema uongo. Machale yalimcheza Swaumu kwa yote matatu. Aliuacha muhogo kwa yule yule wa nyanya na kutafuta usafiri wa kurudi.

Bi Tatu alikuwa barazani kwake anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Firdausi amekua?"

Ungo ulisimama. Bi Tatu alimtazama kwa muda mrefu, na jicho lake halikuwa zuri. "Unaniuliza mimi? Nami nilikuwa nakusubiri wewe. Wajukuu zangu wamerudi sasa hivi kutoka Mlandizi, wanasema mtoto wangu wa kumcheza yuko juu ya chuma. Nikasema, haya, Swaumu ameninyang'anya usomo, kawapa watu wa mjini. Wamekupa nini?"

"Bibi! Wallahi sijapewa kitu."

"Siku ile shuleni hukuwepo?"

Alikuwepo. Kina mama wote waliitwa, mwezi wa nne. Dada mmoja mrembo wa kampuni, jina lake Blessing, alilaza taulo ya kike mezani na kuimiminia maji ya buluu, halafu akaigeuza juu chini, haikudondosha. Mama mmoja akauliza kama hiyo ni dawa ya kuoshea choo, watu wakacheka mpaka Blessing mwenyewe akacheka. Baadaye kila mtoto akapewa pakiti tatu, na Mwalimu Mkuu Leodegar akamwita Swaumu pembeni kusaini kwamba mwanawe amepokea. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Aliandika jina lake polepole, na Mwalimu akamsifu kwa mwandiko.

"Buluu," alisema Bi Tatu, na kutema mate pembeni. "Miaka yangu yote sijaona mwanamke wa damu ya buluu. Sikiliza, mwanangu. Sisi tulivaa kaniki, inapasuliwa, inakunjwa, ina mkanda wake wa kiunoni. Ukifua unaanika chini ya khanga nyingine, hata jua lisijue. Ikaja pamba ya zahanati. Zikaja hizi za dukani, mwenye duka anakufungia kwenye gazeti na kukusukumia haraka kama anauza bangi. Tangazo lake la kwanza nililoliona lilibandikwa dukani Mzenga. Mzungu kavaa suruali nyeupe, yuko juu ya baiskeli. Marehemu mume wangu akauliza baiskeli ile bei gani!" Hakucheka. "Redioni wakasema 'kwa siku zako maalumu', wanaume wakadhani ni sikukuu. Yote hayo, hawakumtaja mtoto wa mtu kwa jina na kijiji chake."

"Kwa hiyo hajakua?"

"Niitie nimuulize. Wewe kaa nyuma ya ukuta."

Swaumu alikaa nyuma ya ukuta, juu ya kinu kilicholazwa, na kumsikia mwanawe akiapa. Hajaona kitu, bibi, bado kabisa. Sasa kwa nini umesema? Sikusema, bibi, nilisoma. Yule dada alitoa karatasi, akasema anatafuta anayesoma kwa sauti vizuri kuliko wote. Tulisoma watatu. Mimi nikawa wa kwanza.

"Hukuyaona maneno yenyewe?"

"Niliyaona. Nilidhani ni ya kusomea tu, kama yale ya kitabuni. Nilisimama kwenye nukta na kwenye mkato, bibi, sikukosea hata moja."

Amiri alirudi kutoka kwenye tanuri lake la mkaa akiwa ameshaambiwa. Hakuosha hata uso. "Watu wananipa hongera na pole kwa pamoja, sijui niitikie ipi," alimwambia mkewe. "Mwali anatembea barabarani na sare. Mimi nimekuwa mtu wa namna gani?"

"Si mwali. Bi Tatu amemuuliza."

"Bi Tatu namheshimu. Lakini atakwenda kusimama Mlandizi chini ya lile bango, amwambie kila anayepita kwamba si kweli? Maandishi makubwa vile! Nani atamsikiliza kikongwe?" Akavua viatu, akavigonga kutoa majivu. "Waliosema ndio waseme. Waandike barua kwamba wamekosea, niwaonyeshe ndugu zangu. Wakiandika, mtoto ataendelea na shule. Wasipoandika, Jumatatu anaingia ndani."

"Baba Firdausi, mwezi wa tisa ana mtihani."

"Nimekupa mpaka Jumatatu."

Simu yake ikalia, akaitazama, akatoka nje kuipokea. Siku hizi alikuwa akitoka nje. Kulikuwa na mnunuzi mmoja wa korosho, mtu wa makamo mwenye pikipiki mpya, aliyekuwa ameanza kumsalimia Amiri kwa jina la mwanawe wa kike. Swaumu alisimama mlangoni akategesha sikio, hakupata neno. Lakini alimwona Amiri akicheka, na mtu mwenye aibu hacheki vile.

Ofisi ya Lulumwezi ilikuwa Misugusugu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vigae. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine na harufu ya maua ambayo hayakuwepo. Firdausi alikuwa pale pia, ukutani, na kwenye kikombe cha Blessing cha chai.

"Shikamoo, mama! Jamani, mama yake Firdausi! Umekuja kutushukuru?"

"Marahaba. Sijaja kushukuru. Nimekuja mlitoe lile bango, na mniandikie barua. Mwanangu hajavunja ungo."

Blessing akamshika mkono kwa upole. "Mama, huu ndio unyanyapaa tunaoupiga vita. Hedhi si aibu."

"Sijasema aibu. Nasema si kweli."

"Ni kweli kwa wasichana wengi sana wa vijijini."

"Basi wekeni hao wasichana wengi."

"Firdausi ni sura yao, mama. Anawawakilisha." Alifungua kabati, akatoa karatasi. Jina la Swaumu lilikuwa chini pale, herufi zimelala upande mmoja kama mwandiko wake ulivyo. "Hii si sahihi yako? Umetupa ruhusa ya picha, jina, umri na maelezo. Miezi kumi na miwili."

"Niliambiwa nimepokea zawadi."

"Nani alikuambia?"

"Mwalimu Mkuu."

"Basi hilo ni la mwalimu, mama, si letu."

Swaumu alieleza yote tangu mwanzo, kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: somo, ndani, Jumatatu, mtihani. Blessing alisikiliza kweli, huyu dada hakuwa na roho mbaya. Alipomaliza, Blessing aliketi kwenye kiti chake.

"Nikiandika barua kwamba hili si kweli, wafadhili watauliza kama mengine ni kweli."

"Na mengine ni kweli?"

Blessing akaangalia simu yake ingawa haikulia. Halafu uso wake ukabadilika, ukapata nuru. "Lakini subiri. Umesema watamfungia? Chumbani, asione jua, kwa sababu ya hedhi? Mama, hiyo ni stori kubwa. Tukija na kamera siku wanayomwingiza..."

"Hana hedhi!"

"Nimekuelewa, mama. Nasema tu, watu wangeguswa."

Swaumu alinyanyuka. Mlangoni akapewa boksi la pinki lenye pakiti sita. Angesema hataki, ingependeza, lakini mwezi ule yeye mwenyewe alikuwa anatumia kipande cha fulana ya Amiri. Kuna mwaka kodi ya taulo za kike iliondolewa, redio ikatangaza na kurudia. Duka la kijijini kwao halikuisikia redio ile, bei ilikaa pale pale. Kodi iliporudi, bei ikapanda siku hiyo hiyo. Alilichukua boksi.

Jumatatu Firdausi akawekwa ndani.

Bi Tatu alikataa katakata. "Siwezi kumcheza mtoto ambaye hajakua, nitamjibu nini Mungu?" Amiri hakubishana naye. Alikwenda akaleta kungwi mwingine, Bi Mwanaamina, ambaye hakuuliza maswali mengi. Dirisha la chumba cha nyuma likazibwa kwa gunia. Mwali hapandishi sauti, haangalii watu usoni, hatoki mchana. Firdausi akakaa kwenye mkeka akingoja damu ambayo kila mtu alikuwa ameshaisoma. Swaumu alimpelekea daftari la hesabu chini ya sinia la ubwabwa. Mara mbili Bi Mwanaamina alilikuta. Mara ya tatu hakulirudisha.

Katikati ya mwezi wa nane Swaumu alipiga moyo konde akaenda shuleni. Mwalimu Leodegar alikuwa ofisini peke yake, daftari la mahudhurio limefunguliwa mbele yake, na Swaumu, kwa ule usomaji wake wa midomo, alilitafuta jina moja tu. Alama zilikwenda kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, wiki hadi wiki, hakuna hata nafasi moja iliyobaki wazi.

"Umemwandika yupo."

Mwalimu akainuka kufunga mlango. "Kaa, mama Firdausi."

"Wiki tano hajakanyaga hapa. Ulikuwa unajua, hukuja nyumbani, hukutuma mtu. Nilisema labda huna habari."

"Ninayo." Alikuwa mtu wa Moshi, mwenye sauti ya chini, amekaa Vihingo miaka kumi na moja. Alivua miwani. "Choo cha wasichana unakijua. Hakina mlango, hakina maji. Hicho ndicho kinachowarudisha nyumbani, si pedi. Nimeomba mpaka nimechoka kuomba. Kampuni imesema itajenga matundu manane, na kisima, kama mahudhurio ya wasichana yamepanda. Nikiandika kwamba mtoto wa kwenye bango hayupo, unadhani watajenga?"

"Kwa hiyo mwanangu ndiye choo."

Hilo lilimwingia. Akaifuta miwani kwa shati. "Nisikilize. Kuna hafla, siku sita kabla ya mtihani. Njoo ukae mbele, usiseme kitu. Hafla ikipita, mimi na mtendaji wa kijiji tutakwenda kwa mzee Amiri. Sheria iko upande wetu. Tutamtoa mtoto siku zote mbili za mtihani, atafanya."

"Kwa nini msiende leo?"

"Tukienda leo itajulikana hayupo."

"Na nani atanihakikishia kwamba utakwenda?"

"Nakupa neno langu."

"Na ile karatasi nayo ilikuwa neno lako, Mwalimu."

Mwalimu akaivaa tena miwani. Swaumu alikaa pale akimchunguza uso, akitafuta mahali ambapo uongo unakaa, na kibaya zaidi hakupaona. Alifikiria kwenda kwa mtendaji mwenyewe. Lakini mtendaji alikula pilau la Idi nyumbani kwa mnunuzi wa korosho, watu walimwona. Kila mlango aliougusa ulikuwa na mtu nyuma yake ameuegemea. Akasema atakuja.

Siku ya hafla palipigwa mahema mawili, la wageni na la kina mama. Muziki ulianza asubuhi. Swaumu alivishwa khanga ya pinki yenye pakiti zimechorwa pembe zote nne, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, peke yake, kina mama wengine wakiwa nyuma. Alisikia wakinong'ona. Alipogeuka walinyamaza, na macho yao yakaenda chini, kwenye miguu yao.

Hotuba zikatolewa. Asilimia zikasomwa. Mwalimu Leodegar alisoma kuhusu matundu manane ya choo na sauti yake ikatetemeka kwa furaha, furaha ya kweli, hilo Swaumu aliliona. Kisha Blessing akachukua kipaza sauti.

"Sasa tumwite balozi wetu. Mwezi huu wote na uliopita hakukosa hata siku moja. Cheti cha mahudhurio bora! Firdausi!"

Kwa sekunde moja Swaumu aliamini. Labda Mwalimu amekwenda nyumbani mapema, labda amemtoa, labda mambo yamekwisha. Alinyoosha shingo.

"Nipo!" ikaitika sauti kwenye mstari wa wanafunzi.

Akatoka Yasmin. Yasmin wa nyumba ya tatu, anayelelewa na bibi yake, mwenye kimo cha Firdausi na shingo kama yake. Alivaa lile sweta la kwenye bango. Kina mama nyuma hawakuguna hata mmoja. Nao wana mabinti, nao wanakijua kile choo. Swaumu alimtafuta Blessing kwa macho, akamkuta anamwonyesha mpiga picha pa kusimama. "Kaa nyuma yake," alikuwa anamwambia. "Uso wa mama ndio nautaka, wa mtoto si lazima."

Yasmin akapokea cheti. Akaja mpaka mbele ya Swaumu, akapiga magoti kwenye vumbi. "Shikamoo, mama," alisema kwa nguvu, kama alivyofundishwa. Kisha akanong'ona, midomo haichezi. "Mama Firdausi, nimeambiwa nikukumbatie. Nisipokukumbatia nitachapwa."

Swaumu alimtazama Mwalimu Leodegar. Alitaka ishara moja tu, kichwa kiinamishwe kidogo, kwamba jioni hii wanakwenda, yeye na mtendaji. Mwalimu alikuwa anaitazama kamera.

Mtoto alikuwa bado magotini. Mikono yake ilikuwa imeinuliwa, inangoja. Swaumu aliinama akamkumbatia, na moyo wa mtoto yule ukamdunda kifuani kwa kasi kama wa kuku aliyekamatwa. Watu wakapiga makofi.

"Hapana, hapana," Blessing akasema, akishusha mkono. "Samahani sana, turudie. Mama hakucheka."

Yasmin akasimama, akapangusa magoti, akarudi kwenye mstari na kusubiri aitwe tena Firdausi.